Wacha Kutafuta Meza, Una Mikono Miwili

Kuna sentensi nimechoka kuisikia kutoka kwa vijana wa mazingaombwe hapa Nairobi: "Ningekuonyesha kitu kikali, lakini hapa hakuna meza."

Hakuna meza. Sawa. Kwani ulitarajia kuipata wapi? Stejini ukingoja matatu? Kwa ngazi za hosteli? Kando ya mkokoteni wa mayai boilo? Nje ya kanisa Jumapili watu wakisalimiana? Maisha yetu mengi yanapita tukiwa tumesimama, begi mgongoni, simu mkononi. Msanii wa karata anayengoja meza ndio aanze kazi ni kama mchezaji anayengoja nyasi za Kasarani ndio aguse mpira. Wenzake walijifunza chenga kwa vumbi na sasa wako mbali.

Basi leo sizunguki mbuyu. Kijana wa Kenya anayetaka kufanya kiinimacho cha karata aanze na karata nne, mkononi, akiwa amesimama, na mtu wa kweli mbele yake. Aache karata 52 kwanza. Aache kile kitambaa cheusi cha kutandika kwa meza. Aache kamera inayoning'inia juu ya kichwa. Na yeyote anayemwambia kwamba karata nne ni kazi ya watoto, huyo anamuuzia fanicha.

Wacha nieleze vile inafanya kazi, ndio tukibishana tubishane juu ya kitu kimoja.

Badala ya pakiti nzima, unachukua karata nne, wakati mwingine tano au sita. Unazishika mkononi. Unazihesabu mbele ya mtu, unazigeuza, unahesabu tena, na kitu kimebadilika. Asi iliyokuwa imelala kifudifudi sasa inakuangalia. Nyeusi zimekuwa nyekundu. Hakuna kitu kimewekwa chini, kwa sababu chini hakuna kitu, ni viatu vyenu tu.

Injini ya michezo mingi ya aina hii ni hesabu moja ya uongo iliyobuniwa miaka ya 1950 na Alex Elmsley, Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta. Mwenyewe aliiita hesabu ya mzuka, dunia ikaiita kwa jina lake. Unahamisha karata kutoka mkono mmoja hadi mwingine: moja, mbili, tatu, nne. Mtazamaji anaapa ameona karata nne tofauti. Ukweli ni kwamba moja imeonekana mara mbili na nyingine haijaonekana kabisa. Na kabla mtu hajanishukia kwamba namwaga siri za watu: jambo hili limechapishwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 60. Siri ni ya kila mtu. Vidole vya kuifanya bila kutetemeka ndivyo si vya kila mtu.

Hiyo hesabu ikamfikia Dai Vernon, Mkanada aliyezaliwa 1894, ambaye wenzake walimwita Profesa. Kuna wakati Harry Houdini alijigamba kwamba ukimwonyesha mchezo mara tatu atakwambia siri yake. Mwaka 1922, huko Chicago, Vernon alimwonyesha mchezo wa karata tena na tena na Houdini akabaki ametoa macho. Sasa mtu wa kiwango hicho alichukua hesabu ya Elmsley akaijengea mchezo wa Asi nne zinazojigeuza moja baada ya nyingine, ukachapishwa 1960, na hadi leo watu wanaufanya. Karata nne. Mkononi. Kama zilimtosha Profesa, wewe wa Umoja zinakupungukia wapi?

Faida ya kwanza ni pembe. Mbinu nyingi za mezani zimejengwa kwa mtu aliyeketi, watazamaji wakiwa upande wa pili. Kuna siri zinazopitia ukingo wa meza, kuna zingine zinaishia mapajani. Leta hiyo kazi kwa stage ya matatu, watu wamekuzunguka kama wewe ni ajali, mmoja anachungulia juu ya bega lako. Umekwisha. Lakini hesabu ya karata nne inaficha karata nyuma ya karata nyingine. Aliye kushoto haoni, na aliye kulia haoni. Ni kama ilibuniwa na mtu aliyepanda gari la Githurai saa kumi na moja jioni.

Faida ya pili ni yetu sisi wenyewe, na inanishangaza kwamba hatuitumii. Wakosoaji wa nje hupenda kuuliza: kwa nini karata nne tu, zingine ziko wapi? Wanasema mtazamaji atashuku. Labda kwao. Hapa kwetu kila mtu amecheza kadi. Umegawiwa karata tatu au nne, umezishika karibu na kifua, jirani anachungulia, mtu anasema "niko kadi" na chumba kizima kinapiga kelele. Tumecheza kwa vitanda vya bweni huku mmoja akilinda mlango asije mwalimu. Tumecheza wakati stima imepotea. Kwa Mkenya, karata nne mkononi ndio sura ya kawaida kabisa ya karata. Haulizi zingine ziko wapi. Anajua ziko chini zinangoja kuokotwa.

Kwa hivyo tumia hiyo. Toa pakiti yako iliyochakaa, ile iliyopoteza karata mbili na haiwezi tena kuchezwa kadi vizuri. Mwambie mtu akutafutie Asi zote nne mwenyewe. Zilizobaki zirudi mfukoni. Sasa ameshika pakiti, ameona ni karata za kawaida, na amekuchagulia silaha. Hapo hakuna swali la "mbona nne." Yeye ndiye aliyezitoa.

Sasa tuje kwa kitu kinachoniuma zaidi: kuaminika.

Wewe ukitandika karata juu ya kitu pale katikati ya jiji, unajua mtu wa kawaida anakumbuka nini? Pata potea. Katoni imegeuzwa, karata tatu, mmoja anazizungusha, wawili wanashinda pesa kwa furaha kubwa. Hao wawili ni wa timu yake. Anayepoteza ni wewe uliyetumwa kulipa karo. Mchezo huu una ndugu zake New York na London, na kila mahali unahitaji vitu vilevile: kitu bapa cha kuwekea karata, umati, na pesa. Watu wetu wameumizwa na hiyo katoni. Mama akikuona umeinama juu ya meza ndogo ukichezesha karata, atashika mkoba wake na kuvuka barabara, na ana haki.

Najua kuna mtu atasema hata mkono unaweza kuiba. Kweli. Mkono hauna utakatifu wowote. Lakini angalia tofauti ya mpangilio. Kwa katoni, karata ni za mwenye mchezo na wewe unaruhusiwa tu kuweka pesa na kuonyesha kwa kidole. Kwa mchezo wa mkononi ukifanywa vile inafaa, hakuna shilingi inayotoka, na mwisho wake karata ziko kwa mkono wa mtazamaji. Anazigeuza, anazikuna kwa kucha, anampa dadake. Ukiwa na kitu cha kuficha huwezi kumalizia hapo. Ndio maana nasema hizi karata za kununua, zenye nyuso za ajabu, ambazo lazima uzirudishe mfukoni haraka kama mtu anayeficha mtihani, zinaharibu kazi. Mtu hajui ni nini umeficha, lakini anajua umeficha.

Na usijipe nguvu ambazo huna. Lugha yetu tayari imekupa neno la ukweli: kiinimacho. Macho yanachezewa, basi. Lakini kuna vijana wamegundua kwamba ukisema una "nguvu" unapata watazamaji wengi zaidi, na sasa wanatembea wakitisha shosho za watu kwa kiki. Wajue Kenya ina Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyobaki tangu ukoloni, na inamgusa anayejifanya ana nguvu za ajabu kwa lengo la kutia watu hofu. Hata bila sheria, ni ujinga. Mtu akiogopa haoni sanaa yako, anaona mlango wa kutokea. Mwambie mapema: hii ni mikono tu na mazoezi. Akijua ni mikono, na bado haoni kitu, hapo ndipo anapochanganyikiwa kwa raha.

Haya, wenye meza wana hoja yao moja nzuri, na siwezi kuikwepa. Wanasema: karata ikiwa mezani, iko wazi, haijaguswa. Kila mtu anaiona. Ikibadilika pale, inauma. Lakini zikiwa mkononi mwako wakati wote, mtazamaji atasema tu, "Ulifanya kitu na vidole." Na kuna michezo mizuri, kama ule wa Asi nne kukusanyika sehemu moja, ambao unahitaji mirundo minne ya karata mbele ya watu. Ni kweli. Mirundo minne huwezi kuishika.

Jibu langu ni moja: kiganja cha mtazamaji.

Kuna mchezo maarufu unaobeba jina la Dkt. Jacob Daley, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyependa karata. Una Asi mbili nyeusi na mbili nyekundu. Unamwonyesha mtu zile nyeusi, shupaza na maua. Unamwambia, "Siste, nyosha mkono." Unaziweka kifudifudi kwa kiganja chake. Anafunika na mkono wa pili. Wewe umebaki na karata mbili tu, na uko mbali naye hatua nzima. Unamuuliza anadhani ya juu ni gani. Anajibu kwa uhakika wote, shupaza. Anafungua. Kopa na uru. Nyekundu zote mbili.

Niambie ni meza gani inaweza kufanya hivyo. Meza haiwezi kushtuka. Meza haiwezi kusema "Zii, haiwezekani, nilikuwa nimezishika." Karata ikibadilika mezani, imebadilika kwa eneo lako, kwa kitambaa chako, chini ya taa yako. Ikibadilika ndani ya ngumi yake, imebadilika kwake. Hiyo stori ataibeba hadi nyumbani na kuieleza akiwa ameshika vijiko viwili badala ya karata. Ule usafi wenye meza wanauringia, kiganja kinao zaidi, na kila mtazamaji anakuja nacho bure.

Kuna hoja ya pili: eti ni rahisi, ni ya wanaoanza. Huyu anayesema hivi hajawahi kuwa na mtu akimwangalia vidole kutoka sentimita 30. Ukiwa na karata 52 kuna mahali pa kujificha. Unachanganya, unakata, unapiga domo, kosa linapotea ndani ya rundo. Karata nne hazina kichaka. Ukihesabu ya kwanza na ya pili kwa mwendo mmoja, halafu ya tatu ukasita kidogo, kila mtu amejua kuna kitu kimetokea hapo, hata kama hajui ni nini. Karata ikichomoza milimita mbili, umejianika. Rahisi kuelewa, ndiyo. Rahisi kufanya, hapana.

Hoja ya tatu nakubaliana nayo, na nawaambia wenzangu wa karata nne waisikie. Tunachosha watu na hesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Halafu tena. Halafu tena. Mtazamaji hakuja kwa hesabu za darasa la kwanza. Hesabu ni njia tu, haifai kuwa ndio stori. Ukihesabu mara sita kwa mchezo mmoja, punguza hadi mbili au tatu. Kila hesabu iwe na sababu ambayo mtu anaielewa: namwonyesha zote ziko kifudifudi, namwonyesha moja imegeuka. Kama huna sababu ya kuhesabu, usihesabu. Ongea naye. Muulize jina la shupaza kwao wanaiitaje. Cheka kidogo. Karata nne hazikatazi uwe mtu.

Halafu kuna wale wataniletea René Lavand. Mnamjua? Muargentina, alizaliwa 1928, akafariki 2015. Alipoteza mkono wa kulia akiwa na miaka tisa, na akawa mmoja wa wasanii wa karata wakubwa kabisa duniani, kwa mkono mmoja wa kushoto, akiwa ameketi mezani. Watasema, ona, hata mkubwa kama huyo alitumia meza. Ndiyo. Kwake meza ilikuwa mkono wa pili. Alikuwa na sababu, na aliigeuza kuwa uzuri. Wewe una mikono miwili mizima na bado unalalamika kwamba mwenye kibanda hakukuwekea stuli. Usimtumie Lavand kama kisingizio. Yeye alifanya kazi na alichokuwa nacho, na hicho ndicho nakuomba ufanye.

Na nyuma ya meza kuna kamera. Hii najua wengi mtakasirika, lakini mimi pia natengeneza video, kwa hivyo naongea nikiwa ndani ya nyumba. Mchezo wa mezani unapendeza kwa simu: unafunga kamera juu, mikono miwili, kitambaa, taa ya duara, hakuna uso. Ukikosea unarudia. Ukirudia mara thelathini, wanaona ile moja. Ukitaka unakata katikati na hakuna atakayejua. Matokeo yake tuna kizazi cha watu wenye video kibao ambao ukiwaambia "nionyeshe sasa hivi" wanaanza kutafuta meza. Meza wanayoitafuta ni ile ya nyumbani. Wanatafuta kitufe cha kufuta.

Mazingaombwe hufanyika kati ya watu wawili. Kuna mtu anayejua na mtu asiyejua, na kwa dakika moja yule asiyejua anakubali kukuamini kwamba utampendeza na hutamuumiza. Kwa mji ambao mtu akikusimamisha barabarani wazo la kwanza ni kwamba anataka kitu chako, hiyo dakika moja ni mali. Kijana anayeweza kumsimamisha mtu asiyemjua, asimwibie, asimtishe, asimuuzie kitu, amwachie tu mshangao kwa kiganja na aendelee na safari, huyo amefanya kitu mji huu unakihitaji. Na hawezi kukifanya akiwa amejifungia chumbani na kitambaa cheusi.

Kwa hivyo hii ndiyo kazi ya nyumbani. Pakiti ya duka la mtaani inatosha. Karata za karatasi zikishika jasho zinagandana, na kugandana ndiko kunakuua kwa hesabu, kwa hivyo osha mikono, zipanguse, na ukiona nne zimechoka chukua nne zingine kutoka kwa pakiti hiyohiyo. Una akiba ya karata 48. Simama mbele ya kioo. Usiketi. Fanya hesabu moja kwa dakika 15 kila siku hadi karata zote nne zipite kwa mwendo mmoja, kama mtu anayehesabu chenji bila wasiwasi. Halafu fanya ukiongea, kwa sababu vidole vingi vinajua kazi hadi mdomo ufunguke. Halafu toka nje.

Mtu wa kwanza awe mtu anayekupenda. Wa pili awe mtu asiyekuamini. Wa tatu awe konda, kwa sababu konda ana macho manne na maneno makali, na akikubali yeye, gari lote limekubali.

Meza ikipatikana, poa, weka soda yako juu.